Kasa na kobe wakubwa: Wanyama waliobebeshwa dunia katika visasili

MNAMO Januari 19, 2016, mzoga wa mnyama mkubwa mwenye gamba ulipatikana ukielea katika ziwa la Hoan Kiem, katikati ya jiji la Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Alikuwa kasa wa maji baridi ambaye, alipopimwa mwaka wa 2011, alikuwa na uzito wa kilo 169. Habari za kifo chake zilienea haraka na kuzua majonzi nchini humo. Wenyeji walimwita Babu Kasa, jina la heshima wanalopewa wazee waliokula chumvi nyingi. Na kwa kuwa alikufa wiki ile ile ambayo chama tawala kilikuwa kikifungua mkutano wake mkuu, wapo waliokichukulia kifo hicho kuwa ishara mbaya kwa taifa.

Majonzi hayo yalitokana na kisasili cha karne ya 15. Inasimuliwa kwamba Le Loi, aliyeongoza vita vya kuwafukuza watawala wa Kichina wa nasaba ya Ming, alipewa upanga wa ajabu uliomwezesha kushinda. Baada ya kutawazwa kuwa mfalme mwaka wa 1428, siku moja alikuwa akitembea kwa mashua ziwani ndipo kasa wa dhahabu alipoibuka na kumtaka aurudishe upanga kwa mwenyewe. Mfalme aliutoa, kasa akaushika na kuzama nao. Tangu hapo ziwa likaitwa Hoan Kiem, maana yake Upanga Uliorudishwa.

Hata hivyo, nyuma ya kisasili hicho alikuwepo mnyama halisi. Babu Kasa alikuwa wa spishi ambayo wanasayansi huiita Rafetus swinhoei, kasa mkubwa mwenye gamba laini ambaye zamani aliishi katika mito na maziwa ya kusini mwa Uchina na kaskazini mwa Vietnam. Siku alipokufa, wenzake waliojulikana kubaki duniani kote walikuwa watatu tu. Taifa lililomheshimu kwa karibu miaka 600 katika masimulizi lilikuwa limeshuhudia jamaa zake wakivuliwa kwa ajili ya nyama na mayai, na makao yao yakiharibiwa, mpaka wakakaribia kumalizika.

Kisa hicho hakikutokea Vietnam pekee. Katika pembe nyingi za dunia, kasa na kobe wakubwa walipewa nafasi ya juu katika visasili kwa sababu wanaishi miaka mingi, hawana haraka na wanaweza kustahimili taabu isiyostahimiliwa na wanyama wengine. Ajabu ni kwamba sifa hizo hizo ndizo zilizowafanya wawe rahisi kuangamizwa na binadamu.

Kasa si kobe

Kiswahili kimewatenganisha wanyama hawa vizuri kuliko lugha nyingi. Kobe ni yule wa nchi kavu, mwenye miguu minene inayofanana na ya ndovu mdogo. Kasa ni yule wa majini, ambaye miguu yake imegeuka kuwa mapezi anayoyatumia mithili ya makasia. Wavuvi wa pwani yetu wameenda mbali zaidi na kumpa kila kasa wa baharini jina lake: ng'amba, mwenye gamba la thamani, duvi, mwenye kichwa kikubwa, na noa, aliye mkubwa kuliko wote. Kasa wa kijani ndiye anayeonekana zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Wote ni wa ukoo mmoja wa kale sana. Visukuku vinaonyesha kwamba jamaa za wanyama hawa walikuwepo zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Walikuwepo wakati wa dinosau na wakabaki baada ya dinosau kutoweka. Gamba lao si nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuiacha na kuhamia nyingine, kama wanavyodhani watu wengi. Limeundwa kwa mbavu na uti wa mgongo vilivyopanuka na kuungana, na kwa hivyo kobe hawezi kutoka katika gamba lake kama vile mtu asivyoweza kutoka katika mifupa yake.

Nguzo ya dunia

Katika imani ya Kihindu, kobe ni mojawapo ya maumbo ambayo mungu Vishnu aliyatwaa aliposhuka duniani. Miungu na mahasimu wao walitaka kuisukasuka bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara uliwekwa baharini uwe mpekecho, na nyoka Vasuki akazungushwa kwenye mlima huo awe kamba. Walipoanza kuvuta huku na huku, mlima ulianza kuzama. Ndipo Vishnu alipojigeuza kuwa kobe mkubwa aitwaye Kurma, akapiga mbizi na kuubeba mlima mgongoni mpaka kazi ikakamilika.

Mbali na India, ng'ambo ya bahari mbili, jamii za Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini zina simulizi kuhusu mwanamke aliyeanguka kutoka mbinguni wakati ambapo chini kulikuwa na maji matupu. Ndege walimdaka, lakini hapakuwa na pa kumweka. Kasa akajitolea mgongo wake. Wanyama walipiga mbizi mmoja baada ya mwingine kutafuta udongo katika vilindi, na katika masimulizi mengi aliyefaulu ni mnyama mdogo wa majini mfano wa panya. Udongo huo kidogo ulipakwa juu ya gamba, ukatanuka na kuwa nchi kavu. Hadi leo wenyeji asilia wengi huliita bara hilo Kisiwa cha Kasa. Baadhi yao huwafundisha watoto kuhesabu vipande 13 vikubwa vilivyo mgongoni mwa kasa kuwa ndiyo miandamo 13 ya mwezi katika mwaka.

Wachina nao husimulia kwamba nguzo za mbingu zilipovunjika, mungu wa kike Nüwa alikata miguu ya kasa mkubwa na kuisimamisha katika pembe nne za dunia ili mbingu isianguke. Katika makaburi na mahekalu ya kale ya nchi hiyo, mawe makubwa yenye maandishi ya kumbukumbu huwekwa juu ya mgongo wa kobe wa mawe, kwa imani kwamba abebacho kobe hudumu.

Aidha, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wafalme wa nasaba ya Shang walitumia magamba ya tumbo ya kasa na kobe kupigia ramli. Gamba lilichomwa, likapasuka, na waganga wakasoma nyufa zake kama jibu kutoka kwa wahenga. Maswali yaliyochongwa kwenye magamba hayo, ambayo wasomi waliyatambua mwaka wa 1899, ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kichina yanayojulikana.

Mabaharia wa kale pia walikuwa na visa vyao. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela watakumbuka safari ya kwanza ya Sindbad, ambapo mabaharia waliteremka kisiwani, wakawasha moto wa kupikia, kisha kisiwa kikatikisika na kuzama, kwani kumbe kilikuwa samaki mkubwa. Katika vitabu vya kale vya Wagiriki kuhusu wanyama, dude hilo lina jina linalounganisha maneno mawili, nyoka na kasa.

Ukilinganisha visa hivi na ngano za Afrika Mashariki, tofauti inajitokeza. Kobe wa ngano zetu si mkubwa wala habebi ulimwengu. Ni mnyonge anayewashinda wenye nguvu na mbio kwa akili, kama anapomshinda sungura kwa kuwapanga ndugu zake kando ya njia ya mashindano. Lakini hata hapa sifa zake ni zile zile: subira, ukimya na umri. Ndiyo maana wasemao humwona kobe aliyeinama kuwa anatunga sheria.

Majitu ya kweli

Visukuku vinathibitisha kwamba dunia iliwahi kuwa na kasa na kobe wanaokaribia wale wa visasili. Katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, mwaka wa 1895 kulipatikana mifupa ya kasa wa baharini aliyepewa jina Archelon. Aliishi zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita na alikuwa na urefu wa takriban mita 4.6, sawa na gari dogo. Katika nchi za Venezuela na Colombia zimepatikana mabaki ya kasa wa maji baridi aitwaye Stupendemys, ambaye gamba lake pekee lilizidi mita 2.4.

Katika vilima vya Siwalik, kaskazini mwa India, watafiti Hugh Falconer na Proby Cautley walifukua katika miaka ya 1830 visukuku vya kobe wa nchi kavu ambaye gamba lake lilikaribia mita 2. Walimpa jina la Atlas, lile jitu la visasili vya Wagiriki lililobeshwa mbingu mabegani. Falconer mwenyewe alijiuliza iwapo kumbukumbu ya mnyama kama huyo ndiyo iliyozaa visa vya Wahindi kuhusu kobe abebaye dunia. Leo inafahamika kwamba kobe huyo alikuwa ametoweka muda mrefu kabla ya visa hivyo kuandikwa, lakini yamkini mifupa yake iliyotokeza ardhini iliwafikirisha watu wa kale kama ilivyomfikirisha Falconer.

Miongoni mwa walio hai, mkubwa kuliko wote ni noa. Dume mmoja aliyepatikana amekufa katika ufuo wa Wales mwaka wa 1988 alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 900. Noa hana gamba gumu kama wenzake. Mgongo wake umefunikwa kwa ngozi nene yenye mistari saba iliyoinuka. Anaweza kupiga mbizi kina cha zaidi ya mita 1,000, na huvuka bahari nzima akifuata chakula chake, ambacho ni yavuyavu.

Kwa upande wa nchi kavu, kobe wakubwa wamebaki katika maeneo mawili tu yaliyo mbali: visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki, na kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, katika Bahari Hindi. Dume wa Galápagos anaweza kufikia kilo 400, ilhali wa Aldabra hufikia takriban kilo 250. Inakisiwa kwamba Aldabra ina kobe 100,000, idadi inayozidi mbali ile ya Galápagos.

Jinsi kobe, mnyama asiyejua kuogelea, alivyofika visiwani ni jambo lililozua mjadala kwa muda mrefu. Jibu mojawapo lilikuja lenyewe katika pwani ya Tanzania. Mnamo Desemba 2004, kobe wa Aldabra alijikokota kutoka baharini huko Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imeota viumbe wadogo wa baharini, wale wanaonata kwenye mbao za vyombo. Ishara hiyo ilionyesha kwamba alikuwa ameelea kwa wiki kadhaa. Kutoka Aldabra hadi hapo ni takriban kilomita 740.

Kwa sadfa, mwezi uo huo kobe mwingine wa jamii hiyo alipata umaarufu nchini Kenya. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, ndama wa kiboko aliokolewa akiwa amekwama baharini karibu na Malindi na kupelekwa katika bustani ya Haller, Bamburi, Mombasa. Huko alimkimbilia Mzee, kobe dume wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akalala ubavuni pake na kumfuata kila aendako. Picha za wawili hao zilizunguka dunia nzima.

Ustahimilivu uliogeuka kuwa balaa

Sifa ya kobe iliyowastaajabisha wahenga, yaani kustahimili, ndiyo iliyowavutia mabaharia wa Ulaya kuanzia karne ya 16. Kobe mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji. Kabla ya majokofu kuvumbuliwa, hiyo ilikuwa neema kubwa kwa wenye meli. Kobe walipakiwa hai chini ya sitaha, wakapangwa mmoja juu ya mwingine, na kuchinjwa kadiri nyama ilivyohitajika. Hawakupiga kelele, hawakukimbia, wala hawakulishwa.

Katika visiwa vya Galápagos, ambavyo jina lake lenyewe linatokana na neno la Kihispania la kobe, inakadiriwa kwamba zaidi ya kobe 100,000 walichukuliwa na wawindaji wa nyangumi, maharamia na wafanyabiashara. Charles Darwin alipofika huko mwaka wa 1835, mabaharia wenzake nao walibeba kobe kuwa kitoweo cha safari.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katika visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues. Mfaransa François Leguat, aliyeishi Rodrigues mwishoni mwa karne ya 17, aliandika kwamba kobe walikuwa wengi na walijipanga kwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kutembea zaidi ya hatua 100 juu ya magamba yao bila kukanyaga ardhi. Miaka 100 hivi baadaye, kisiwa hicho hakikuwa na kobe hata mmoja. Spishi zote tano za visiwa hivyo vitatu zilitoweka. Mbali na kuwinda, watu walileta nguruwe, panya na paka ambao walikula mayai na watoto wa kobe.

Umri mrefu nao ulizidisha hasara. Kobe mkubwa huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Kasa wa kijani huchukua kati ya miaka 25 na 35. Kwa mnyama asiye na adui akishakomaa, mpango huo wa maisha ni salama: watoto wengi watakufa, lakini mama ataishi na kutaga kwa miongo mingi. Anapotokea adui anayewaua wakubwa, mpango wote huvurugika, kwani anayechukuliwa leo hawezi kujazwa na mwingine kabla ya kizazi kizima cha binadamu kupita.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa George Mpweke, kobe dume aliyegunduliwa mwaka wa 1971 katika kisiwa cha Pinta, Galápagos, wakati ambapo wenzake wa kisiwa hicho walidhaniwa kuwa wamekwisha. Kwa miongo minne watafiti walimtafutia mwenza bila mafanikio. Alikufa Juni 24, 2012, na ukoo wake ukakatika naye.

Gamba, nyama na sumu katika pwani yetu

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika historia hii tangu kale. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo unalitaja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii, pamoja na pembe za ndovu na za vifaru. Gamba la ng'amba lilitengenezewa vitana, visanduku na mapambo huko Arabuni, India, Uchina na Ulaya. Wavuvi wa pwani walikuwa hata na mbinu ya kumtumia chazo, samaki anayejibandika kwenye viumbe wakubwa: walimfunga kamba mkiani, wakamwachilia karibu na kasa, na alipojibandika wakamvuta kasa taratibu hadi chomboni.

Kobe wa Aldabra nao waliletwa karibu nasi. Mwaka wa 1919 gavana wa Ushelisheli alitoa zawadi ya kobe wanne, wakawekwa katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja. Walizaana mpaka wakafika 200 mwaka wa 1955, lakini wizi uliwapunguza vibaya, na kufikia 1996 walikuwa wamesalia saba tu. Ndipo walipojengewa ua wa kuwalinda na idadi yao ikaanza kupanda tena.

Nyama ya kasa bado huliwa kwa siri, ijapokuwa sheria inakataza, na mara nyingine huleta msiba. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama hiyo, na watu wengine 78 wakalazwa hospitalini. Mwaka wa 2021, watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu iyo hiyo. Wataalamu wanaamini sumu hiyo hutokana na vitu anavyokula kasa baharini. Kuipika nyama hakuiondoi, kasa mwenyewe haonyeshi dalili zozote, na hakuna dawa ya kuizima. Watoto ndio huathirika zaidi, na hata mtoto anayenyonya anaweza kuipata kupitia maziwa ya mama.

Hatari nyingine anayokabiliana nayo kasa ni nyavu zilizotegewa samaki, ambazo humzuia kupanda juu kupumua, pamoja na mifuko ya plastiki anayoidhania kuwa yavuyavu. Isitoshe, joto la mchanga ndilo linaloamua iwapo yai litatoa dume au jike. Mchanga ukiwa na joto zaidi hutoa majike. Kadiri hali ya hewa inavyozidi kuwa joto, ndivyo hofu inavyoongezeka kwamba madume yatakuwa adimu.

Mwiko na sheria

Ikiwa heshima ya masimulizi haikumwokoa kasa wa Hoan Kiem, je, imani za jadi hazina faida yoyote? Kusini mwa Madagascar kuna jibu la kutafakari. Jamii za Waantandroy na Wamahafaly zina mwiko wa kumgusa au kumla kobe anayepatikana katika nchi yao, mwenye gamba lililopambwa kwa miale ya manjano. Kwa vizazi vingi kobe hao walijaa katika maeneo hayo ilhali walikwisha kwingineko, kwa kuwa mwiko ulimkataza kila mtu jambo mahususi. Lakini mwiko haumfungi mgeni. Mnamo Aprili 2018, kobe karibu 10,000 wa aina hiyo walikutwa wamefungiwa katika nyumba moja mjini Toliara, wengi wakiwa hoi kwa njaa na kiu.

Hapo ndipo sheria inapohitajika kuushika mkono mwiko. Mwaka wa 1874, Darwin na wanasayansi wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius, iliyosimamia Ushelisheli wakati huo, wakimsihi awalinde kobe wa Aldabra wasiangamie kama wenzao. Kisiwa hicho kiliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1982.

Katika kisiwa cha Española, Galápagos, kulikuwa kumesalia kobe 14 tu. Waliondolewa wote na kutunzwa, wakaongezewa dume aitwaye Diego aliyekuwa katika hifadhi ya wanyama ya San Diego, Marekani. Mpango huo wa uzalishaji ulipokamilika mwaka wa 2020, takriban kobe 2,000 walikuwa wamerudishwa kisiwani, na Diego mwenyewe akarudishwa nao.

Nchini Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inawalinda kasa wote, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017. Huko Watamu, mpango wa wenyeji wa kuwalinda kasa ulioanzishwa mwaka wa 1997 umekuwa ukilinda viota ufuoni na kuwapa wavuvi fidia ndogo wanapotoa taarifa kuhusu kasa aliyenaswa wavuni ili aachiliwe badala ya kuchinjwa. Mvuvi hapati hasara ya muda wake, na kasa anarudi baharini.

Juhudi za namna hiyo katika nchi nyingi zimeanza kuzaa matunda. Mnamo Oktoba 2025, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulimwondoa kasa wa kijani katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake duniani kuongezeka. Ng'amba hakubahatika hivyo. Angali katika hatari kubwa kabisa.

Huko Vietnam, matumaini yaliyochipuka mwaka wa 2020, uchunguzi ulipothibitisha kwamba kasa aliyenaswa katika ziwa la Dong Mo alikuwa jike wa jamii ya Babu Kasa, yalizimika Aprili 2023 alipopatikana amekufa. Jike mwingine alikuwa amekufa Aprili 2019 katika hifadhi ya Suzhou, Uchina, baada ya jaribio la kumpandikiza mbegu. Baada ya vifo hivyo, aliyebaki akijulikana kwa hakika ni dume mmoja mzee huko Suzhou. Babu Kasa mwenyewe amehifadhiwa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo katika hekalu la Ngoc Son, kwenye kisiwa cha ziwa la Hoan Kiem, ambako watu huenda kumtazama.

Kasa wa kijani anayeanguliwa usiku huu katika ufuo wa Watamu atahitaji miaka isiyopungua 25 kabla ya kutaga yai lake la kwanza, na akifanikiwa kufika umri huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba atarudi kutaga katika ukanda uo huo wa pwani. Mtoto anayeingia darasa la kwanza mwaka huu atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Iwapo wataukuta ufuo wenye giza, mchanga usiochimbwa na bahari isiyotapakaa plastiki, wataweza kusimama pamoja kumtazama kasa huyo akipanda kutoka majini.